Majina Kwenye Santuri

Mwezi wa Aprili 1923 bendi ya jazi ya King Oliver ilitoka Chicago ikaenda Richmond, mji mdogo wa jimbo la Indiana, kurekodi katika studio ya kampuni ya Gennett. Studio ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda cha piano, kando ya reli, na treni ilipopita kazi ilibidi isimame. Wakati huo kurekodi kwa umeme kulikuwa hakujaanza. Wanamuziki walijipanga mbele ya mdomo wa pembe kubwa, wakapiga, na nguvu ya sauti yao wenyewe ikaisukuma sindano ichore mfuo kwenye nta. Katika kundi lile alikuwamo kijana wa miaka 21 aliyepuliza koneti ya pili, Louis Armstrong, na hizo ndizo rekodi zake za kwanza. Kwenye piano alikuwapo Lil Hardin, ambaye Armstrong alimwoa mwaka uliofuata. Santuri zilipotoka, karatasi iliyobandikwa katikati ilitaja wimbo na bendi. Majina ya wapigaji hayakuwamo.

Mnunuzi wa siku zile hakuona pengo lolote. Santuri ilikuwa bidhaa ya kuchezea dansi, na ikichakaa ulinunua nyingine. Kisha mdororo mkuu wa uchumi ukaikumba Marekani, kampuni nyingi za santuri zikafa, na vijana walioanza kuitafuta sauti ile ya miaka ya 1920 wakajikuta wameshika sahani nyeusi isiyowaambia ni nani anayepuliza. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kutoa upya rekodi adimu za jazi, kazi ambayo hadi leo inafanywa na watu wachache, kwa wateja wachache, na ambayo kwangu ina uzito kuliko nusu ya mambo yanayopigiwa tarumbeta katika biashara ya muziki.

Mmoja wa wa kwanza alikuwa Milt Gabler. Alikuwa na duka la santuri, Commodore, katika mtaa wa 42 mjini New York. Katikati ya miaka ya 1930 aliziendea kampuni kubwa, akakodi kalibu za chuma za kuchapia rekodi zilizokuwa zimeachwa, akazichapa tena kwa idadi ndogo. Kwenye karatasi ya santuri zake akaandika nani alipiga chombo gani. Upande wa pili wa bahari, Paris, mwaka 1936 Charles Delaunay alichapisha kitabu chake *Hot Discography*, kilichoorodhesha rekodi pamoja na wapigaji wake na tarehe zake. Kuzipata habari hizo hakukuwa kazi ya kukaa ofisini. Ilibidi kuwauliza wanamuziki wenyewe, kulinganisha kumbukumbu ya huyu na ya yule, na kusoma zile namba ndogo zilizochongwa kwenye sahani karibu na karatasi, kwa maana namba hizo hufuata mpangilio wa vikao vya studio na mara nyingi husema kweli pale mtu aliposahau.

Aliyekaa madrasa hahitaji kuelezwa sana. Hadithi hupimwa kwa sanadi yake: nani kaipokea kwa nani, nao walikuwa watu wa namna gani. Rekodi iliyotolewa upya bila kusema imetoka kwenye sahani ipi, ilirekodiwa lini na nani walikuwapo, inaweza kupendeza masikioni, lakini haina kitu cha kumshika mtafiti wala mwanafunzi. Gabler na Delaunay waliirudishia jazi sanadi yake wakati mashahidi wangali hai. Wangechelewa miaka thelathini, sehemu kubwa ya tunachokijua leo ingekuwa imezikwa pamoja na wenyewe.

Tena walikuwa na bahati, kwa sababu baadhi ya kalibu za chuma walizozihitaji zilikuwa bado zimo ghalani. Kampuni ya Paramount haikuacha bahati ya namna hiyo. Paramount ilikuwa tawi la kampuni ya kutengeneza viti huko Wisconsin, iliyoingia kwenye santuri kwa sababu ilikuwa inauza makabati ya gramafoni. Wenye viti hao walirekodi hazina kubwa ya bluzi na jazi ya Wamarekani Weusi: Ma Rainey, Blind Lemon Jefferson, Charley Patton. Sahani zao zilikuwa za vifaa duni, zenye mchakacho hata zikiwa mpya. Biashara ilipoanguka katika miaka ya 1930, karibu kalibu zote zilipotea, nyingi zikauzwa kama chuma chakavu. Kwa hiyo anayetaka kuwatoa upya Ma Rainey au Patton hana utepe mama wala kalibu. Anachokitegemea ni sahani zilizonunuliwa na wafuaji nguo, wakulima na watumishi wa majumbani, zikapigwa hadi zikachakaa, zikahifadhiwa chini ya kitanda au darini. Zipo rekodi za kampuni hiyo zilizobaki nakala moja au mbili duniani, na zipo ambazo hadi leo haijaonekana hata moja.

Wakusanyaji wa Marekani walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vitongoji vya watu Weusi, wakigonga milango na kuuliza kama kuna santuri za zamani za kuuza. Ninawashukuru, na nina neno nao. Nawashukuru kwa sababu bila wao kusingekuwa na cha kutoa upya. Maktaba za wakati huo, zenye fedha na majengo ya marumaru, hazikuona kwamba sahani ya Paramount ni kitu cha kuhifadhi. Neno nilo nalo ni kwamba wengi walinunua kwa senti chache kwa watu ambao hawakuambiwa wanauza nini, kisha baadhi yao wakazifungia. Mtu anayemiliki nakala pekee ya wimbo, akakataa usinakiliwe ili nakala yake izidi kupanda bei, ananyima watu urithi ambao hakuutunga wala hakuupiga. Ninasema hivyo nikijua kwamba wakusanyaji wengine walifanya kinyume kabisa: walizifungasha sahani zao kwa mikono yao, wakazipeleka kwa mafundi, wakazichukua baadaye bila kudai chochote ila jina lao litajwe katika kijitabu cha toleo jipya.

Fundi anapoipokea sahani hiyo, kwanza anaiosha. Shelaki, ambayo sahani hizo zilitengenezwa kwayo, ni utomvu wa wadudu uliochanganywa na vumbi la mawe, nayo haipatani na spiriti. Mtu akiisugua kwa spiriti ameimaliza. Baada ya kuosha anachagua sindano. Mifuo ya miaka ile haikuwa na upana mmoja, na sahani iliyopigwa mara mia kwa sindano za chuma imelika sehemu fulani ya ukuta wa mfuo, ilhali sehemu ya chini au ya juu yake bado nzima. Fundi mzuri ana sindano nyingi za unene tofauti, naye hujaribu moja baada ya nyingine mpaka apate ile inayokaa mahali ambapo sindano za zamani hazikupagusa. Kazi hii hufanywa kabla kompyuta haijawashwa, na ndiyo inayotenganisha kazi ya fundi na kazi ya mharakishaji.

Kisha kuna kasi. Tumezoea kuziita santuri za mizunguko 78 kwa dakika, lakini studio za zamani hazikuwa na nidhamu hiyo. Nyingine zilikata kwa 76, nyingine kwa 80 au zaidi. Ukiipiga sahani kwa kasi isiyo yake, bendi nzima inahama ufunguo, waltzi inakimbia, na mwimbaji mwenye sauti nzito anageuka kijana. Fundi inambidi ajue muziki. Lazima aulize: je, kweli wapuliza tarumbeta hawa wangekubali kupiga katika ufunguo huu mgumu, au sahani inanidanganya?

Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki mwaka 2004, aliheshimiwa na wote wenye kazi hii. Kabla ya programu za kompyuta aliondoa milio ya mikwaruzo kwa kuutafuta mlio mmoja mmoja kwenye utepe na kuukwangua taratibu kwa wembe. Alijua pia mahali pa kuacha. Ukiusafisha mchakacho wote unaondoka na hewa ya chumba, mvumo wa matoazi na pumzi ya mpuliza klarineti, na unachobaki nacho ni sauti iliyokufa ganzi. Rekodi nyingi zilizotolewa upya mwanzoni mwa enzi za CD ziliharibiwa hivyo, kwa sababu wauzaji waliogopa kwamba mteja akisikia mchakacho atarudisha bidhaa. Mimi huchagua mchakacho. Sikio linauzoea baada ya dakika mbili, lakini matoazi yaliyofutwa hayarudi.

Mwaka 1982 Michael Cuscuna na Charlie Lourie walianzisha kampuni ya Mosaic, iliyokuja kuwa na makao yake Stamford, Connecticut. Miaka kadhaa nyuma Cuscuna alikuwa ameingia katika ghala la kampuni ya santuri ya Blue Note akasikiliza utepe baada ya utepe, akaandika daftarini kila wimbo uliowahi kurekodiwa na kuachwa bila kutolewa. Kazi ya kwanza ya Mosaic ilikuwa rekodi zote za mpiga piano Thelonious Monk katika Blue Note. Njia yao ilikuwa ya unyofu: wanakodi haki kwa kampuni kubwa kwa muda, wanachapa idadi maalumu, mara nyingi seti 5,000 au 7,500, kila moja na namba yake, na kuziuza kwa posta. Ndani ya kasha kulikuwa na kijitabu kikubwa chenye makala, picha, tarehe za vikao na majina ya wote waliokuwapo. Lourie alifariki mwaka 2000, Cuscuna mwaka 2024. Sijui kundi jingine dogo la watu lililoitendea jazi wema mkubwa hivyo.

Ila utaratibu huohuo wa idadi maalumu una kasoro moja. Seti zikiisha na haki ya kukodi ikikoma, kasha nalo linageuka kitu adimu, linauzwa minadani kwa bei ambayo mwanafunzi hawezi kuigusa. Ndiyo maana maneno haya mawili, wakusanyaji na maktaba, yanapotajwa pamoja kwenye biashara hii, mimi moyo wangu unaelekea kwa maktaba. Mkusanyaji akifa, watoto wake huuza. Maktaba iliyonunua seti moja mwaka 1983 bado inamhudumia mtu aliyezaliwa baada ya mwaka 2000.

Maktaba vilevile hugundua. Mwanzoni mwa mwaka 2005, Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa akinakili kanda za zamani za redio ya Sauti ya Amerika ili zisiharibike, akakuta kanda za tamasha la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957. Ndani yake kulikuwa na kundi la Thelonious Monk akiwa na mpiga saksafoni John Coltrane. Wawili hao walipiga pamoja miezi michache tu, na rekodi zao zilizokuwa zimejulikana zilikuwa chache sana. Blue Note iliitoa kanda hiyo mwaka huohuo. Kilichoiokoa ni kwamba kwa miaka 47 ilihifadhiwa rafuni bila kutupwa, na mtu akalipwa mshahara kuisikiliza. Linganisha na Juni 2008, moto ulipounguza ghala katika eneo la studio za Universal huko California na tepe mama za wanamuziki wengi zikateketea. Ukubwa wa hasara hiyo ulikuja kujulikana hadharani mwaka 2019. Kampuni huhifadhi maadamu kuna faida.

Sheria nayo ina mkono wake. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2018, rekodi za King Oliver za 1923 zimekuwa mali ya umma tangu Januari 2024, lakini rekodi za kuanzia 1957 hadi mwanzoni mwa 1972 zitabaki zimefungwa hadi Februari 2067. Ulaya rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ziko huru. Uhuru huo umezaa kazi nzuri, umezaa pia wachapaji wanaochukua rekodi iliyosafishwa na mwingine kwa miezi kadhaa, wakaibandika jalada jipya na kuiuza bila kumtaja fundi. Huo ni wizi hata kama sheria inauruhusu.

Sasa niseme habari ya santuri moja inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn aliingia studio mjini New York na bendi kubwa kurekodi utungo wa sehemu nne aliouita *Uhuru Afrika*. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Aliyeupangia vyombo ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake lilistahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko lilivyotajwa. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes. Kwenye ngoma walikuwapo Max Roach, Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba. Kwenye filimbi Yusef Lateef. Kwenye tarumbeta Clark Terry na Freddie Hubbard. Na aliyesimama mbele ya kipaza sauti kusoma kwa Kiswahili alikuwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga.

Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Bendera yake ilipanda mwaka mmoja baadaye. Weston alitaka santuri yake ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, akachagua hii yetu. Nikiisikiliza sauti ya Sanga, imetulia, inatamka kila neno kwa ukamilifu, ngoma zikijibu nyuma yake, naona kwamba tumekuwa tukisimulia historia ya lugha yetu na kuacha sura nzima. Tunafundisha habari za kamati, kamusi na katiba. Hatufundishi kwamba mwaka 1960 Kiswahili kilikuwa ndani ya studio ya New York, kati ya wanamuziki bora wa kizazi chao, kikiutangaza uhuru wa bara zima.

Santuri hiyo ilitolewa na kampuni ya Roulette. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Baadaye ikapotea madukani, haki za Roulette zikahama mikono, na kwa muda mrefu kuipata kulihitaji mkusanyaji na pochi nene. Mwaka 2003 Mosaic iliitia ndani ya seti yake ya Randy Weston, pamoja na rekodi zake nyingine za miaka ile. Weston alikuwa hai kuiona. Alifariki mwaka 2018, na kumbukumbu zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mtafiti anayetaka kujua nani alikuwa na nani studioni anaweza kujua. Kwetu, maktaba ya chuo inayofundisha fasihi ya Kiswahili inapaswa kuwa nayo santuri hii karibu na tenzi na riwaya, kwa sababu ni andiko la Kiswahili sawasawa na hayo.

Kazi kama ya Gabler inatusubiri pia kwenye muziki wetu wenyewe. Bendi zetu zilijiita Jazz tangu miaka ya 1930: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Muziki wao ulielekea zaidi Kuba na Kongo kuliko New Orleans, lakini hali ya kumbukumbu zao ni ileile ya Gennett. Tanzania haikuwa na viwanda vya kuchapa santuri, kwa hiyo bendi zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam au zilisafiri hadi Nairobi, na santuri zikatoka kwa lebo za wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa zikiwa na jina la wimbo na la bendi. Aliyetoa upya sehemu ya rekodi hizo kwa makini, zikiwa na maelezo, ni Mjerumani Werner Graebner: nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba, na za Tanzania ya miaka ya 1960 katika mfululizo wa *Zanzibara* uliotolewa Ufaransa. Nampongeza kwa dhati. Inaniuma tu kwamba mwanafunzi wa Morogoro anayetaka kujua nani alipiga gitaa la pili kwenye bendi ya mji wake inambidi aagize kijitabu kutoka Ulaya.

Kanda za redio bado zipo Dar es Salaam, na kunakiliwa kwake kusingoje mfadhili wa nje. Hata kukifanyika kesho, fundi ataweza kuirudisha sauti. Jina la aliyekuwa anapiga hataweza kulisikia kwenye utepe. Hilo wanalijua wazee waliokuwa jukwaani, mafundi mitambo wa redio, wake zao, na waliokuwa wakicheza dansi Jumamosi kwa Jumamosi. Kwa hiyo ombi langu ni kwa yeyote mwenye santuri au kanda za zamani nyumbani. Usiziuze kwa mpita njia kabla hujazipiga picha karatasi zake na namba zake pande zote mbili. Mtafute mzee anayewajua wapigaji, sikiliza naye wimbo mmoja mmoja, andika kila jina analolitaja, chombo chake, na mwaka kama anaukumbuka, kisha peleka nakala ya karatasi hiyo kwenye maktaba ya chuo kilicho karibu nawe. Fanya hivyo mwaka huu, maana wengi wa wazee hao wamekwisha kupita miaka themanini.